Maneno ya Mama Kwenye Mashine

Rumonge, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Rachidi,

Amahoro. Sisi wazima, sijui wewe na joto la Bujumbura. Mama anakula vizuri, ila kumbukumbu inamtoroka. Asubuhi kichwa kikiwa chepesi anasimulia: alivyovuka ziwa kutoka Fizi mgongoni mwa bibi, alivyokamua mawese Kizuka, hata wimbo aliotubembelezea. Yote nayaandika kwenye hifadhidata uliyoniwekea katika kompyuta. Mashine siizimi, naogopa kuharibu. Fungua huko uliko, usome.

Dada yako,
Riziki

Bujumbura, 9 Machi

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi sijambo. Nimefungua, hakuna hata mstari mmoja! Ukichoka sema umechoka, usinidanganye. Mama hatusubiri.

Mdogo wako,
Rachidi

Rumonge, 13 Machi

Rachidi,

Mama mzima. Mimi moyo unaniuma. Maneno yalikuwa mbele ya macho yangu, nayasoma, nawe unaniita mwongo, mimi niliyekubeba mgongoni! Simu zako sipokei. Mashine nimeizima. Iliniuliza kitu kwa Kiingereza, nikabonyeza neno fupi kuliko yote, "No". Njoo uichukue.

Riziki

Bujumbura, 13 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe kwanza, salamu baadaye. Simu hupokei, namtuma dereva wa basi na barua hii. Ulisema kweli, leo ndipo nimekumbuka. Mimi ndiye niliyezima kuhifadhi papo hapo kwenye mashine yako, kwako tu, ili ukikosea tuweze kurudi nyuma. Nikasahau kukwambia ubonyeze COMMIT, yaani hifadhi, kila ukimaliza. Bila hiyo unayaona wewe peke yako uliyeyaandika, na mashine ikizimwa yote yanafutika. Nakuomba, usizime!

Mdogo wako,
Rachidi

Rumonge, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Barua yako ilinikuta nimeshazima. Niliwasha tena, nikatafuta, hamna kitu. Nimekusamehe, ila nililia kwanza.

Nilikaa na Mama tuanze upya. Fizi haikumbuki. Nikamwanzishia ule wimbo, akanitazama tu mdomo. Nilichoka, Rachidi, nikatoka nje nikakaa na maganda ya mihogo.

Jana akaniuliza, "Wewe iko mutoto ya nani?"

Nikamwambia, "Wako, Mama."

Akasema, "Murakoze," kama anavyomshukuru jirani aliyemletea maji.

Njoo upesi. Jina lako bado analiita.

Dada yako,
Riziki