Vifungo Vinne Mezani kwa Sista Hinal

Magomeni,
Dar es Salaam.
16 Juni, 2025.

Mpendwa Shangazi Severine,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimesikia ulipanda kilima hadi kanisani bila fimbo, nikafurahi, nikakuhofia pia. Huku tunapumua. Naandika nikiwa dukani Kariakoo, nimeegemea marobota ya zipu. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua. Mjukuu wako Leticia atakusomea.

Lililo moyoni kwanza: majibu ya damu ya mtoto yametoka. Hana ugonjwa wa kaka yake. Sasa vuta pumzi, nikueleze.

Unakumbuka Shukuru alivyoanza. Alikuwa Robert, jina la babu, akavimba vidole vya mikono na miguu, analia hadi sauti inakauka. Ukasema jina limemkataa, tukambadilisha. Akavimba akiwa Shukuru vilevile. Mwaka mzima tulihangaika na majina badala ya kwenda kupima. Sikulaumu, Shangazi, na mimi niliamini. Hospitali wakasema ni selimundu: chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba njia.

Hapo mama mkwe akaanza, eti damu mbaya imetoka kusini kwetu. Mwanawe Beno naye, nilipobeba mimba ya pili, akawa na hesabu yake: "Si wamesema mmoja kati ya wanne? Shukuru ameshachukua zamu. Watatu wanaofuata ni wazima." Nilitamani sana iwe kweli.

Aliyetunyoosha ni Sista Hinal, nesi wa kliniki tunayokwenda Mchafukoge. Aliona mfuko wa vifungo niliotoka nao dukani, akaomba vinne. Akaweka mbele yangu kimoja cheupe na kimoja chekundu, mbele ya Beno vivyo hivyo.

"Chekundu ndicho chenye kasoro. Kila mzazi anampa mtoto kimoja, bila kuchagua. Mwenye chekundu kimoja haumwi, kama nyie wawili. Shukuru alipewa viwili."

Beno akaleta ile hesabu ya zamu. Sista akacheka, akavirudisha vyote mahali pake. "Baba Shukuru, kila mimba vifungo vinarudi mezani. Havikumbuki nani alitangulia."

Beno akakichukua chekundu chake, akaenda nacho moja kwa moja kwa mama yake, akakiweka kwenye sahani ya chai. "Mama, hiki ni changu. Nimekitoa kwako au kwa baba." Tangu siku hiyo sijasikia tena habari za damu ya kusini.

Mtoto alipozaliwa wakamtoboa kisigino, tukasubiri. Kila nikimwogesha nilimpapasa vidole kimoja kimoja, nione kama vimejaa. Kumbe ana chekundu kimoja tu. Nilikaa kwenye benchi nikalia, Sista akanishikia mtoto.

Sasa Shangazi, usinikasirikie. Shukuru abaki Shukuru. Jina jingine uliloagiza kwa simu limefika, asante, lakini hapana. Anakunywa maji mengi, anameza dawa yake kila siku, hapigwi na baridi, na akipata homa tunakimbia hospitali. Hivyo ndivyo vinavyomsaidia. Na binti yako Sofia, kabla hujapokea barua ya posa, yeye na mchumba wake wakapime. Sivunji ndoa ya mtu. Nataka tu wajue wanabeba vifungo gani.

Umeniuliza mara tatu kwa nini mtoto hana jina, kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa Violeth". Jina nilikuwa nalo tangu yuko tumboni. Niliogopa. Nikasema akiumwa, watu watadai limemkataa, watamvua, na mwenye jina ataumia.

Leo asubuhi nimeipeleka kadi, Sista ameandika kwa wino: Severine.

Hilo halivuliwi, Shangazi. Hata akipata mafua.

Msalimie Sofia, na Leticia kwa kazi ya kusoma. Mungu akuongezee siku uje umbebe wajina wako mwenyewe.

Wako akupendaye, na aliyelala vizuri jana,
Violeth