Laptopu Iliyolala Sabato

Ijumaa, jua likikaribia kuzama

Kumbe ni mimi mwenyewe. Wiki tatu nimelaumu betri, chaja, hata stima ya Homa Bay. Kila Jumapili naikuta laptopu imekufa, na kurasa ambazo sikuhifadhi zimepotea. Bosi amesema ripoti ikichelewa tena, kazi atampa mwingine.

Leo fundi wa kompyuta kule mjini Oyugis ameniuliza huwa naifunga lini. Nikamwambia Ijumaa jioni, Mama akianza wimbo wa kufungua Sabato, naifunika tu nakimbia kuimba.

Akacheka. "Betri iko sawa, dada. Shida ni programu yake. Ikilala masaa mengi hivyo, haijui kuamka. Uwe unaizima kabisa."

Nimehifadhi kila kitu, nikaizima. Mama amesimama mlangoni akitazama kioo kikiwa cheusi.

"Sasa imepumzika, mwanangu?"

"Imepumzika, Mama."

Nje, ziwa limegeuka rangi ya asali, na sauti ya Mama inaniita sebuleni. Bado namwogopa bosi. Hata nikiimba, nimefumba macho, huwa naandika ripoti kichwani, mstari kwa mstari…

Sabato hizi zote, nami nimekuwa nikijifunika tu, bila kujizima.