Jina la Saidi

Milola

Mjukuu wangu Twaha,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti la bibi yako limetulia, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Umeniuliza kama kuna ubaya kutumia cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako Idi, kwa kuwa umri wako umezidi kidogo na mchujo wa kanda wa yale mashindano ya kimataifa ya vijana umekaribia. Mimi nitakusimulia tu.

Zamani walikuja Lindi kuchagua vijana wa kwenda kucheza nje ya nchi. Nami nilikuwa nimezidi umri, basi nikajiandikisha kwa jina la mdogo wangu, babu yako Saidi. Nilifunga bao, uwanja mzima ukaimba "Saidi, Saidi", na mwenyewe yuko pembeni anapiga makofi. Hata hivyo sikuchaguliwa.

Mwaka uliofuata akaenda Saidi, na kwa mpira alinizidi mbali. Mwandikishaji akamtazama, akasema, "Saidi wa Milola namjua, alifunga hapa mwaka jana. Wewe siye." Akarudishwa nyumbani kama mwongo, kwa jina lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama naye, nikanyamaza.

Hajawahi kunilaumu. Jana alikuja hapa, nikamsomea barua yako mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo Idi naye anacheza?"

Babu yako,
Hamisi