Michungwa ya Baba na Fomu ya Mzee wa Florida

Jumatano, Adelphi. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi hii isiyo na adabu. Sina hali. Naandika ili nisipige kelele.

Kazi yangu, kwa asiyejua, ni kupitia fomu za wakulima wa matunda waliopigwa na vimbunga kule Florida, ili serikali iwalipe fidia. Mimi, mtoto wa Muheza niliyekulia kwenye machungwa, nakaa ofisini Silver Spring, jirani na hapa Adelphi, nasoma habari za michungwa ya watu. Dunia ina mambo!

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kurekebisha fomu. Kuna mzee mmoja alijaza kwamba miti yake yote iko hai, wakati picha zake mwenyewe zinaonyesha imelala chini, mizizi juu. Ukiandika iko hai, hulipwi. Nikampigia asubuhi. Akasema ameiinua, ameiegemeza kwa magogo, anaimwagilia. Mmoja umetoa majani manne. Hawezi kuandika imekufa.

Basi nikamwambia kitu kisicho cha kikazi: baba yangu naye ana michungwa, nyumbani Tanzania.

"Inaendeleaje?" akauliza.

"Imechanua," nikajibu, kifua mbele. Mama huniambia kila Jumapili.

Mzee akasema kama kuna iliyochanua mahali, basi haya binti, andika imekufa. Nika-submit.

Nilibaki na hamu ya ajabu. Miaka tisa sijanusa ua la mchungwa. Machungwa ya hapa dukani yanang'aa vizuri lakini hayanuki kitu. Nilimkumbuka baba akizunguka na panga, akiutishia mti usiozaa kwamba ataukata, na sisi watoto tukiuombea msamaha. Jamani, nimekumbuka nyumbani!

Saa nne, wakati wa chai, nikampigia mdogo wangu Shabani kwa video. Kule ni saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Nikamwambia hebu toka nje unionyeshe michungwa.

Akasema kuna mvua. Nyuma yake dirisha lilikuwa linawaka jua, nikamwambia.

"Dada, usikasirike. Iling'olewa na upepo masika ya mwaka juzi. Tukaikata kuni. Mama alisema usiambiwe, utalia huko peke yako."

"Kwa nini hamkuiinua?"

"Nani wa kuiinua, dada? Na huku nani atakuletea fomu?"

Nilijifungia chooni nikalia mpaka nikapata kwikwi. Najua desturi yetu, aliye mbali hapewi habari mbaya. Hata mimi nilipopasuliwa sikuwaambia. Lakini miaka miwili Mama ananielezea maua ambayo hayapo! Na mimi nikayatumia kumlainisha mzee wa watu.

Naona aibu. Zaidi ya aibu, naogopa.

Kwa sababu baba hajashika simu tangu Idi. Kila nikimuulizia, Mama anasema yuko msikitini, ametoka, koo linamuuma, amelala. Nilikuwa naamini tu. Leo nilitaka kumuuliza Shabani, nikakata simu.

Kesho nitampigia tena saa ile ile, nimwambie ampelekee baba simu.

Akisema amelala, nitamwambia basi nimwone akiwa amelala.