Maji ya Marehemu Yanaamka Meusi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana hapa Shimada sina wa kumwambia, wataniona nimerukwa na akili. Mume wangu Yasunori alifariki mwaka jana, mtu mzima na kazi yake, lakini Jumapili lazima umkute uwanjani na wenzake wakishindanisha vigari vya rimoti, na mota mpya kwake haikuingia kwenye gari mpaka ailainishe kwanza, anaitumbukiza kwenye glasi ya maji, anaiunga na betri, inazunguka polepole humo humo mpaka vile vipande vya makaa vya ndani vilike kidogo na kuikalia vizuri shaba ya katikati, maji yanakuwa meusi tii, nami niko pembeni namenya figili nikimwambia, "Wewe mwanaume, glasi zangu utazimaliza!" naye ananijibu, "Hebu nyamaza usikilize, bado inakwaruza, lakini ukizidisha nayo inakufa kabla haijakimbia."

Aliacha mota moja hajaigusa, nikaiweka na betri yake kwenye madhabahu yetu ya nyumbani, kando ya picha, na kila asubuhi nambadilishia marehemu kikombe chake cha maji, kama ilivyo desturi yetu. Sasa mshauri, tangu baridi ianze nakuta maji meusi! Mota imelowa, na alfajiri nikiwa bado usingizini naisikia, naapa naisikia, mwanzoni ilikuwa ikikwaruza na siku hizi inaimba laini kabisa. Nilimweleza mama mkwe, tunaishi naye, akanisogezea taulo la moto na bakuli la supu ya miso, akasema, "Futa mikono kwanza, mwanangu, ule." Kila siku ni hivyo hivyo, taulo na supu, huku machozi yanamlenga. Hatano, rafiki wa marehemu, anaitaka mota kwa mashindano ya kumkumbuka, ananiambia, "Shemeji, nipe nimkimbizie kaka, inakaa hapo kufanya nini?" Nikiitoa namfukuza mume wangu, nisipoitoa naona kama siku mota itakapoiva atakuja kunichukua, na nisikufiche, kuna asubuhi natamani aje. Nifanyeje?

Mjane, Shimada

Mjane wa Shimada, pole sana dada yangu. Sasa kaa vizuri, maana nitakugombeza.

Mota haizunguki bila betri, na betri haijichaji yenyewe. Umenieleza habari za maji weee, na hukujiuliza mikono yako ina nini hata mama mkwe akupe taulo kila asubuhi kabla hujagusa bakuli! Tazama kucha zako. Masizi ya makaa hayatoki kwa taulo moja. Ni wewe unayeinuka ukiwa usingizini, unaketi mbele ya picha na kufanya kazi ya mumeo, na yule mama maskini anakutazama mlangoni, anaogopa kukuamsha. Usiniambie hujawahi kushika zile nyaya. Miaka yote ile umekaa pembeni yake ukisikiliza, mikono yako inajua.

Umesema sasa inaimba. Basi imeiva, na alichokwambia kuhusu kuzidisha unakikumbuka mwenyewe. Ukiendelea hivi utaimaliza mota, na wewe utakwisha pamoja nayo. Hilo la kutamani akuchukue limenitia hofu kuliko maji meusi yote. Mwambie mama mkwe leo, kwa maneno hayo hayo, kisha akusindikize kwa daktari. Usingoje wiki iishe, unanisikia?

Mota itoe mchana, macho makavu au yenye machozi, yoyote sawa. Ikaushe, itie tone la mafuta, mpelekee Hatano mwenyewe mkononi. Siku ya mashindano nendeni wote wawili, msimame karibu na njia muisikie ikipita. Hujamfukuza mtu. Yasunori hakuilainisha mota hata moja ili ikae kwenye rafu.

Kesho yake kikombe kitaamka na maji meupe. Na ikiwa mota iko kwa Hatano, kucha zako ni safi, na maji bado yameamka meusi, hapo usiniandikie mimi. Msalimie mumeo, mbadilishie maji, uende ukanywe supu yako kabla haijapoa.