Namalwa na Somo la Samweli

Woodley, Nairobi
15 Septemba 1969

Dada yangu mpendwa Nanyama,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu, sijui wewe na mgongo wako huko Kimilili. Je, mahindi mmeshavuna? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, ili anayekusomea asikwame.

Najua unangoja habari za bintiyo. Namalwa hajambo, ila amekonda, na sababu nitakueleza bila kuzunguka.

Unajua mimi hufundisha vijana wa kipaimara kila Jumamosi. Mwaka huu niliwapa masomo ya vijana wa Biblia: Daudi na kombeo lake, yule binti mtumwa nyumbani kwa Naamani, na Samweli. Samweli ndiye aliyemwingia mwanao. Niliwaambia kwamba Mungu alimpa mtoto yule maneno mazito juu ya nyumba ya Eli, naye asubuhi, mzee alipomuuliza, akayasema yote. Nikasema kijana wa leo naye asimwogope mkubwa. Namalwa aliyaandika kwenye daftari akayapigia mstari. Nilifurahi, mjinga mimi.

Sasa habari njema: ninaoa. Mchumba anaitwa Virginia, binti ya mzee wa kanisa Gerishon, mwenye shamba zuri upande wa Kitisuru. Tangazo la kwanza la ndoa lilisomwa Namalwa akiwa kitandani na homa. La pili lilisomwa Jumapili ya wiki iliyopita. Pasta alisema kwamba nilifiwa na mke, kisha akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Bintiyo akasimama katikati ya kwaya. Alisema Peres yu hai, kwamba ndiye aliyemfundisha kusoma, na kwamba mwezi wa nane tu alimtumia sweta aliyoifuma mwenyewe.

Kanisa zima lilinigeukia. Virginia alidondosha kitabu cha nyimbo. Mimi sikutikisika. Nilisema kwa upole kwamba mtoto anaumwa akili, kwamba tangu Peres afe humwona kila mahali na kujiandikia barua zake. Hata machozi yalinitoka. Waliniamini, dada, maana mimi ni mwalimu.

Akina mama, wakiongozwa na Mama Lornah, walimpeleka chumba cha nyuma, wakambonyeza kichwa na kukemea mapepo hadi sauti ikamkauka. Wamemfungisha kula; anapata uji mara moja kwa siku mpaka akiri kwamba Peres amekufa. Leo ni siku ya nane na bado anakataa. Nilimwambia hata Samweli hakufungua mdomo mpaka alipoulizwa. Akanijibu kwamba pasta aliuliza. Nilimzaba kofi. Kisha nikampa somo la Isaka, aliyeuliza swali moja tu njiani, halafu akanyamaza juu ya kuni.

Shida ni pasta. Amesimamisha tangazo la tatu mpaka apate barua ya mama wa mtoto kuthibitisha kifo. Nawe hujui kuandika, dada. Tangu Namalwa aje huku, barua zako zote huandikwa na mtu mmoja, na ndiye anayekusomea hii.

Basi Peres, mke wangu, usinyamaze hapo. Endelea, dada anasikiliza. Ni kweli nimekuua. Nilikuua mwaka wa sitini na saba, mwezi nilipopokelewa katika kanisa hili, kwa ugonjwa wa kifua. Sikuchukii. Nilikuchoka tu. Andika barua hiyo kwa mwandiko wako mzuri, Nanyama atie kidole gumba. Nyumba utabaki nayo. Usifikiri kumwandikia pasta ukweli, maana sanduku la posta la kanisa nalifungua mimi. Na usipoandika kabisa, mtoto ataendelea kukaa mikononi mwa akina mama wale, nami sitawazuia. Najua unavyompenda.

Wasalimie majirani wote na wazee wa kanisa la hapo. Ukimaliza kusoma, mpe dada yangu maji ya kunywa, asije akaanguka. Mwezi wa mazishi uwe Machi, nilishawaambia hivyo, tusije tukagongana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwalimu Zedekiah