Matuta ya Njaa

Jumatatu, 6 Januari
Njombe. Ukungu tena. Nimepima viazi mpaka vidole vikafa ganzi. Matuta yenye samadi yamestawi. Yale niliyoyanyima yamedumaa, majani manjano. Safi kabisa! Ndiyo tofauti niliyoitaka. Nimetoka Makerere juzi tu na tayari nina jaribio langu la mbegu mpya. Najiona mtu.
Mama Luhuvilo, jirani yangu, alisimama mpakani, akayatazama yale manjano, akaguna. Tukasalimiana, kamwene kwa kamwene. Sikumwuliza aligunia nini.

Alhamisi, 9 Januari
Makambako. Nimefuata mizani. Lori limekwama matopeni. Bwana Mkubwa wa Kilimo kaagiza nibaki nisaidie kupima mahindi ghalani. Upepo wa hapa unakata masikio. Chakula kizuri lakini. Sina neno.

Jumatatu, 3 Februari
Nimerudi Njombe. Matuta yote kijani! Yote! Nikadhani nimekosea shamba. Nikafukua shina moja, nikakuta samadi.
Ni akina mama wa kanisani. Walibeba kwa vikapu, wakainulia udongo, wakaimba. Mama Luhuvilo anajisifu kabisa: "Uliishiwa samadi, mwanangu, ukaona haya kuomba. Shamba la mgeni likidhoofu, aibu ni yetu majirani."
Nimeshukuru. Kisha nikaingia ndani nikapiga meza ngumi. Msimu wangu wote! Hasira haina pa kwenda. Sikumweleza mtu hata mmoja kwa nini nusu ya shamba inalala njaa. Chuoni nilijifunza kupima. Kuongea na jirani nilidhani si sayansi.

Jumatano, 5 Februari
Bwana Mkubwa kaja bila taarifa. Kaona shamba, kafurahi kama mtoto. Anasema mbegu hii haihitaji samadi, wakulima watangaziwe hadi Iwawa, kule juu milimani. Kanipiga bega. Kasema nitapanda cheo.
Nikanyamaza. Nilifurahia lile bega, hiyo ndiyo kweli. Sasa chakula hakipiti.

Alhamisi, 6 Februari
Nimemweleza Bwana Mkubwa habari ya samadi asubuhi, kabla hajawasha gari kuondoka. Nilikuwa nawaza watu wa Iwawa na baridi yao, wapande bila samadi kwa neno langu, wachimbe viazi kama gololi. Wake zao wangenilaani, na wangekuwa na haki.
Akawa mwekundu. Akauliza kwa nini sikusema jana. Nikamwambia nilipenda sifa. Hakuna tangazo, akasema. Cheo hakukitaja tena. Akaondoka.
Nimekula ugali wote na kuongeza.

Jumanne, 11 Februari
Ujumbe wa Bwana Mkubwa: panda upya, msimu wa pili, na safari hii zungumza na watu kwanza. Jaribio bado ni langu. Nimeruka peke yangu jikoni.

Jumapili, 16 Februari
Baada ya ibada nimewaeleza akina mama. Tusipoyanyima matuta haya samadi, hatutajua yale mengine yamesaidiwa na nini. Wamenihoji kuliko walimu wangu wote. Mmoja kauliza kama viazi vitanisamehe. Wamekubali, shingo upande.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua nyepesi. Matuta yaliyonyimwa yameanza kugeuka manjano. Mama Luhuvilo kapita na kikapu cha samadi kuelekea shambani kwake. Kasimama kwenye yale manjano, kakihamishia kikapu bega la pili. "Poleni," akayaambia, akaendelea na njia.
Nikamwitikia kwa niaba ya matuta: tumeshapoa, mama.